Vidole vya Mguu Vilivyojikunja Baada ya Kiharusi: Kunyoosha, Mazoezi, Kitenganishi au Sindano?

Wapo wagonjwa wengi wa kiharusi ambao, baada ya wiki au miezi ya kulala na kusaidiwa, huanza kusimama tena na kutembea kwa mkongojo, lakini vidole vya mguu ulioathirika hujikunja kuelekea chini kila wanapokanyaga. Ncha za vidole hugandamizwa sakafuni, kucha huchimba ngozi, sugu huota pale kiungo cha kidole kinaposuguana na kiatu, na mgonjwa huanza kuiogopa hatua yenyewe. Nyumbani ushauri hauishi: mmoja anasema akandwe kwa mafuta, mwengine anasema anyooshwe, mtoto aliyeko Maskati ameleta sponji za kutenganisha vidole, na daktari ametaja sindano. Familia inabaki njia panda, na mara nyingi hujaribu kila kitu kwa siku chache kisha ikaacha vyote.

Makala haya yanalinganisha njia nne: kunyoosha kwa mkono, pamoja na kuchua ambako kwetu huenda sambamba nako, mazoezi ambayo mgonjwa hujituma mwenyewe, vitenganishi vya vidole na splinti, yaani kifaa kigumu cha kuushika mguu katika mkao, na sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza msuli kwa muda. Zote zitapimwa kwa mambo yaleyale, yaani inatibu nini hasa, inafanywaje, matokeo yake huja lini na hudumu kiasi gani, inahitaji mikono na vifaa gani, na hatari yake ni ipi. Hata hivyo, kuutazama mguu kunatangulia yote hayo, kwa sababu njia iliyo bora kwa mguu mmoja huweza kuwa kazi bure kwa mguu mwengine.

Uangalie mguu kwanza

Msuli mkubwa unaokunja vidole vya mguu haukai vidoleni. Uko nyuma ya muundi, ndani kabisa ya shavu la mguu, na kano zake hupita nyuma ya kifundo upande wa ndani, zikaingia chini ya wayo mpaka kwenye ncha za vidole. Kiharusi kinapoharibu sehemu ya ubongo inayoutawala mguu, uwezo wa kuutuliza msuli huo hupungua, nao hukaza hata pale ambapo haukutakiwa kufanya kazi. Wakati huohuo misuli ya mbele ya muundi, ambayo kazi yake ni kuinua wayo na kufungua vidole, huwa imedhoofika. Kwa hiyo vidole huvutwa chini na upande mmoja, na upande wa pili haupo wa kuvirudisha.

Mketishe mgonjwa, ushike kisigino chake kwa kiganja kimoja, uuelekeze wayo chini kama wa mtu anayechungulia kwa kusimama juu ya vidole, kisha uvifungue vidole polepole kwa mkono wa pili. Vikifunguka wepesi wayo ukiwa chini, lakini vikajikunja tena unapouinua wayo kuelekea kwenye muundi, basi ule msuli mrefu ndio uliokaza. Visipofunguka katika mkao wowote, hata baada ya kushikiliwa kwa subira, huenda kano zimefupika au viungo vimeganda, na hali hiyo ni tofauti kabisa na mkazo wa msuli. Na ikiwa vidole vimetulia anapokaa, vikajikunja anaposimama tu, hapo tazama mizani ya mwili wake, kwa maana vidole vinaweza kuwa vinaishika sakafu kwa sababu mgonjwa anahisi ataanguka.

Jambo jengine la kuangalia ni mabadiliko ya ghafla. Mkazo ambao ulikuwa wa kawaida ukaongezeka ndani ya siku moja au mbili mara nyingi una kichocheo chake: ukucha ulioingia nyamani, kidonda kisichoonekana, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, baridi au maumivu ya mahali pengine. Kichocheo hicho ndicho kitibiwe kwanza. Na pale ambapo mabadiliko ya mguu yanafuatana na mdomo kwenda upande, maneno kutotoka sawasawa au udhaifu mpya wa mkono, muda wa mazoezi umekwisha na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa kiharusi kinaweza kurudi.

Kila njia inatibu nini

Kunyoosha kunaushughulikia urefu wa msuli na ulaini wa kiungo. Kunamtuliza mgonjwa, kunarahisisha kuvaa kiatu na kuosha baina ya vidole, na kunaupa mguu nafasi ya kukanyaga sawa kwa muda fulani. Hakumfundishi mgonjwa kuufungua mguu mwenyewe, kwa sababu kazi yote inafanywa na mkono wa mtu mwengine. Kuchua ni hivyohivyo: hupunguza maumivu, huamsha hisia za ngozi, na humpa mgonjwa faraja ya kuguswa kwa upendo, jambo ambalo silidharau hata kidogo. Lakini mafuta hayafiki kwenye ubongo, na huko ndiko hitilafu ilikoanzia.

Mazoezi ya kujituma yanaushughulikia ubongo na misuli iliyodhoofika kwa pamoja. Ubongo uliojeruhiwa hutafuta njia nyengine ya kupeleka amri, na njia hiyo hutengenezwa kwa kurudiarudia tendo lenyewe. Hapa ndipo matumaini ya kupona kwa maana halisi yalipo, na hapa pia ndipo pagumu, kwa sababu mgonjwa huombwa afanye jambo ambalo mwanzoni haoni matokeo yake kwa macho.

Kitenganishi kinaviweka vidole katika mkao, basi. Splinti inayoshika kifundo na wayo huzuia mguu kuburura na huupa mwili msingi, na kwa baadhi ya watu mwili unapojihisi umeshikwa, vidole navyo hulegea. Sindano ya botulinamu, kwa upande wake, hupigwa ndani ya msuli wenyewe na kuzuia ujumbe wa neva usiufikie, kwa hiyo mkazo hupungua kwa muda. Marekani iliidhinisha mwaka 2016 matumizi ya aina moja ya dawa hii kwa mkazo wa misuli ya mguu kwa watu wazima, ikiwemo misuli inayokunja vidole. Dawa hii haiamshi misuli ya mbele, wala haifungui kiungo kilichoganda.

Zinavyofanywa

Kunyoosha kuna utaratibu ambao ukikosewa hudhuru. Anayenyoosha asishike ncha za vidole, kwa kuwa hapo atakiumiza kiungo cha nchani huku cha shinani kikibaki kilevile; aweke kiganja chake chini ya vidole vyote mpaka kwenye mashina yake. Aanze wayo ukiwa umeelekea chini, avinyooshe vidole kwanza, kisha, akiwa bado amevishikilia, auinue wayo taratibu mpaka ahisi msuli unamzuia. Hapo asimame, asisukume, na angoje nusu dakika mpaka dakika nzima. Mara nyingi atahisi mvutano unalegea chini ya kiganja chake. Arudie mara chache, na afanye hivyo goti likiwa limenyooka na pia likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu sehemu ya misuli ya shavu la mguu inavuka goti na sehemu nyengine haivuki. Kuvuta kwa ghafla ni kosa kubwa kuliko yote: msuli wa aina hii hujibu kasi kwa kukaza zaidi, na mtu anayepambana nao kwa nguvu atashindwa kila siku.

Kwa wanaosali, siku ina nafasi ambazo hazihitaji kutengewa muda. Katika udhu, vidole vya mkono hupitishwa baina ya vidole vya miguu. Anayefanya hivyo taratibu, akakituliza kidole chake kidogo katika kila nafasi, ameshafungua vidole na kuikagua ngozi mara kadhaa kwa siku. Sijda nayo huvifanya vidole vikanyage kwa matumbo yake vikielekea kibla, uzito wa mwili ukivilalia, na huo ni mnyoosho wenye nguvu wa misuli ileile iliyokaza. Kwa sababu hiyohiyo haufai kulazimishwa. Ambaye vidole vyake havijafunguka kwa mkono asivitwike uzito, na mwenye udhuru wa kusali juu ya kiti asione haya kukaa juu yake mpaka mguu uwe tayari.

Mazoezi ya kujituma huanza kwenye kiti imara ambacho nyayo zote mbili zinafika chini kamili. Visigino vikiwa sakafuni, mgonjwa hujaribu kuinua vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, akivitazama. Huenda vya upande ulioathirika visisogee. Aendelee kuagiza, msaidizi aguseguse mbele ya muundi kwa ncha za vidole vyake, na aangalie kwa makini kano zilizo juu ya wayo, maana mara nyingi kano hutikisika kabla kidole hakijaonekana kusogea, na mtikisiko huo ndio habari njema ya kwanza. Kisha auinue wayo wote kisigino kikibaki chini. Aurudishe mguu nyuma chini ya kiti kwa kuutelezesha juu ya kipande cha kanga. Na hatimaye asimame na kukaa, akigawa uzito sawa miguuni. Akishazoea, asimame akishika meza nzito au ukuta, ahamishie uzito upande dhaifu vidole vikiwa vimelala, na vikianza kujikunja arudi nyuma, apumzike, aanze tena. Marudio kumi yaliyofanywa kwa utulivu yana faida kuliko arobaini ya kujikamua, kwa sababu jitihada inayopita kiasi yenyewe hukaza vidole.

Zoezi moja linalosambazwa sana katika video, la kukusanya taulo sakafuni kwa vidole vya mguu, naliona halimfai mtu ambaye vidole vyake vimekwisha kukaza, kwa kuwa linaupa nguvu msuli uleule unaotakiwa kutulia. Lina nafasi yake kwa mguu uliolegea kabisa, na hata hapo aamue mtaalamu.

Kiatu kihesabiwe kuwa sehemu ya mazoezi haya. Ndara na champali hukaa mguuni kwa kukamatwa na vidole, kwa hiyo kila hatua huvifundisha kujikunja. Kiatu kinachofaa kina mkanda nyuma ya kisigino, soli isiyoteleza na nafasi ya kutosha juu ya vidole. Pwani nako, mchanga mkavu huvilazimisha vidole kushika, ilhali ule ulioshikana maji yakiwa yamekupwa unakanyagika vizuri zaidi, kwa mwenye mtu wa kumshika mkono.

Kitenganishi kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa sponji laini ya godoro iliyokatwa vipande, au kitambaa cha pamba kilichokunjwa na kupitishwa baina ya vidole bila kubana. Kianze kuvaliwa kwa muda mfupi, kama robo saa, kivuliwe, ngozi itazamwe, ndipo muda uongezwe kidogokidogo. Splinti ya kifundo ipimwe na fundi kwa mguu wa mgonjwa mwenyewe, kwani ya kuazima huumiza. Sindano hupigwa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo, ambaye huchagua msuli na kiasi cha dawa.

Matokeo na muda wake

Kunyoosha hutoa nafuu ya papo hapo inayodumu kwa saa chache. Kuhusu faida ya muda mrefu, inafaa kusema ukweli wote: mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba, kwa watu wenye maradhi ya neva, kunyoosha kwa muda usiofika miezi saba hakuongezi mwendo wa kiungo kwa kiwango chenye maana kubwa. Hilo halina maana kwamba kuachwe. Lina maana kwamba anayenyoosha kila siku bila zoezi jengine asishangae kuona mguu uko palepale, na kwamba nafuu ile ya saa chache itumiwe: nyoosha, kisha papo hapo mgonjwa asimame au afanye zoezi la kuinua vidole, wakati msuli umetulia.

Mazoezi ya kujituma huchelewa kuonekana lakini hubaki. Nafuu baada ya kiharusi huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, hupungua kasi baada ya hapo, lakini mlango haufungwi. Wapo wanaopata mabadiliko baada ya mwaka na zaidi. Nasikitika kila ninaposikia mtu ameambiwa kwamba muda wake umepita.

Kitenganishi hufanya kazi wakati kimevaliwa. Sindano huanza kuonekana ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili, hufika kileleni baada ya wiki chache, na nguvu yake huisha katika takriban miezi 3, hivyo huenda ikahitaji kurudiwa. Kupunguza mkazo kwa sindano kumethibitika vizuri. Kuongeza kasi ya kutembea hakuonekani kwa uwazi uleule. Miezi hiyo isipotumiwa kwa mazoezi, mgonjwa hurudi alipokuwa.

Mikono, vifaa na upatikanaji

Kunyoosha kunahitaji mtu wa pili, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni binti au mkwe ambaye ana kazi nyengine zote za nyumba. Ugawaji wa zamu uzungumzwe waziwazi, mjukuu akafundishwa namna ya kushika, kuliko kumwachia mmoja mpaka achoke. Mazoezi ya kujituma hayahitaji kifaa chochote ila kiti na meza, lakini yanahitaji mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, walau wa kuyapanga na kuyarekebisha mara kwa mara. Kwa wa Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ni pa kuanzia kuuliza huduma hiyo. Kwa wa Pemba, Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Mwenda na mgonjwa aombe aonyeshwe zoezi kwa mikono yake mwenyewe, na arikodi kwa simu likifanywa kwa mguu wa mgonjwa wake, ili nyumbani wasifuate video ya mguu wa mtu mwengine.

Sindano ni kazi ya daktari bingwa na ni ghali. Familia ijiandae kwa uwezekano wa rufaa ya kuvuka bahari, na kwa mkaazi wa Micheweni au Konde, safari hiyo ikihesabiwa pamoja na marudio ya kila baada ya miezi kadhaa, ni mzigo wa kupimwa kabla ya dozi ya kwanza.

Hatari

Hatari kubwa iliyo karibu nasi ni ganzi. Mguu ulioathirika huenda usihisi moto, na mwenye kisukari pamoja na kiharusi yumo katika hatari maradufu. Kukanda kwa maji ya moto kumewaunguza watu ambao hawakulalamika kwa sababu hawakusikia kitu. Maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya. Mafuta ya makonyo na ya karafuu ni makali na yakipakwa bila kuchanganywa huwasha na kuchubua ngozi. Mafuta ya nazi yanatosha kwa kuchua. Shavu la mguu lililovimba, likawa na joto na maumivu, lisichuliwe kabisa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Kitenganishi na splinti hudhuru kwa kubana. Vitabu husema utafute wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi ya jirani yake, iliyo na joto, iliyovimba au iliyokuwa ngumu kwa kuguswa, na isiporudi hali yake baada ya nusu saa, kifaa kisivaliwe tena mpaka kirekebishwe. Hatari ya mazoezi ni kuanguka, hasa kwenye vigae vyenye maji na kwenye mkeka unaoteleza. Kabla ya mgonjwa kusimama, mkeka ukunjwe uwekwe kando. Sindano ikizidi huudhoofisha mguu, na wapo wachache ambao ule mkazo ndio unaowasimamisha, hivyo ukiondolewa wote goti au kifundo hulegea. Dawa ikisambaa, jambo lisilo la kawaida, huweza kuathiri kumeza na kupumua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari mapema. Vidonge vya baklofeni, ambavyo baadhi ya madaktari huviandika kwa mkazo wa mwili mzima, huleta usingizi na udhaifu, na visikatizwe ghafla bila ushauri.

Kuchagua kwa hali ya mgonjwa

Ikiwa vidole hufunguka kwa mkono na mgonjwa anaweza kukaa na kufuata maelekezo, mazoezi ya kujituma yawe msingi, na kunyoosha kuwe kwa dakika chache za kuuandaa mguu kabla yake. Kwa mgonjwa wa aina hii sindano inaweza kungoja.

Ikiwa vidole hujikunja wakati wa kusimama tu, fedha na muda viende kwenye mazoezi ya mizani, kiatu kizuri na, mtaalamu akiona inafaa, splinti ya kifundo. Kitenganishi peke yake hakitamsaidia sana.

Ikiwa mgonjwa bado ni wa kitandani au hawezi kufuata maelekezo, kunyoosha na kuchua ndiyo njia iliyopo, pamoja na kitambaa laini baina ya vidole ili ngozi ibaki kavu na kucha zisichome. Lengo hapo ni usafi, kuzuia maumivu na kukilinda kiungo kisigande, na hilo ni lengo la heshima.

Ikiwa mkazo ni mkubwa kiasi kwamba mazoezi hayawezekani kwa maumivu, au kiatu hakivaliki, na tayari pana mpango wa fiziotherapia utakaofuata, sindano inastahili kuulizwa. Ikiwa mpango huo haupo, utafutwe kwanza.

Ikiwa mgonjwa ana kisukari au ganzi ya mguu, kitenganishi kiwe cha mwisho kufikiriwa na kivaliwe mbele ya macho ya mtu, na mguu ukaguliwe kila siku chini ya mwanga mzuri, baina ya vidole na chini ya wayo.

Na ikiwa vidole havifunguki katika mkao wowote, kuendelea kuvilazimisha kunamtesa mgonjwa bila faida. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa, ambaye anaweza kuzungumzia upasuaji wa kuachia kano, na wakati wa kungoja avalishwe kiatu chenye nafasi ya juu na kucha zake zikatwe fupi kila wiki.